Mwaka Mitraye Ilipokwisha

Siku ile tulikuwa watano kwenye depo yangu ya vyuma, mtaa wa Kikula: mimi kifungua mimba, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, dada yetu wa mwisho, mama mdogo, aliyehamia kwetu baada ya kuwazika wazazi wetu, na mnunuzi anayelitafutia vyuma tanuru la kutengeneza nondo, aliyefika na mdogo wangu ndani ya gari moja. Hilo la gari moja ndilo lililonichoma kwanza.

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyelilisha tanuru lile. Mitraye, yaani vyuma vikuukuu, ilinifikia kwa mikokoteni: rimu, minyororo, vitanda, mabati. Niliacha shule wazazi walipofariki, na vyuma hivyo vikawasomesha wadogo zangu. Wa kiume alisomea mawe.

Mama mdogo alipakua kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na tangu utoto wangu ulipokatika ilikuwa yangu. Siku ile aliiweka kwenye sahani ya mdogo wangu. Naye kijana akaitafuna huku akiongea, kama kipande chochote.

"Yaya, leo firigisi imekukimbia," dada yetu akanitania mimi kaka yake mkubwa. "Imefuata suruali ya pasi."

Walicheka. Nami nikacheka kwa meno tu.

Mnunuzi akafuta vidole, akanigeukia. "Papa, mitraye imekwisha. Watu wameuza mpaka milango ya choo. Tanuru jipya litakula mawe. Vyuma vyako tutachukua mpaka mvua ziishe, kisha basi."

Mawe yenyewe ni yale mekundu, mazito, yenye chuma ndani, ya kilima kilicho njia ya Kakanda. Wachimbaji wa shaba walikuwa wakiyasukuma pembeni kwa mguu. Mdogo wangu ndiye aliyeyapima, na mnunuzi alimwita "chef", yaani mkubwa, kila baada ya tonge. Nikaomba moyoni mawe yale yaonekane udongo mtupu. Niliomba kwa dhati, nikijua ninamwombea nani mabaya.

"Yaya," mdogo wangu akasema, "kuna kazi ya kushusha mawe toka kilimani. Lori iko. Minye niliwaambia wakupe weye."

"Nani alikutuma uniombee?"

"Hakuna muntu."

"Basi sasa yaya anatafutiwa kazi kama mutoto."

"Weye ulinitafutia shule. Minye nilikataa?"

Mama mdogo alikusanya sahani polepole, akisubiri.

"Nitabeba," nikasema, nikimtazama mnunuzi, si mdogo wangu.

Mvua zimekwisha. Kila asubuhi napanda kilimani na lori, na nyumba inakula. Wivu haujaisha; nikisikia "chef", mgongo unakaza. Jumapili mdogo wangu huja baada ya misa, nasi huongea habari za matairi na barabara. Neno la asante huwa nimeliandaa tangu kanisani, naye huaga na kuondoka bila kulipata. Najua ni deni langu. Hadi leo sijalilipa.