Nyenje Sikioni na Mluzi wa Mke Wangu

Mke wangu hupiga mluzi. Marehemu mama yangu alimwonya mwaka wa kwanza wa ndoa yetu kwamba mwanamke anayepiga mluzi huita nyoka nyumbani. Nyoka hawakuja. Walikuja watoto watano, na mluzi ukaendelea. Halafu siku moja, wageni wa kanisa wakiwa sebuleni, akaanza wimbo wa sifa kwa mluzi kule jikoni. Nikamkaripia mbele yao: mwanamke mwenye wajukuu hana aibu? Tangu siku hiyo sikuusikia tena mluzi ule.

Miezi minane nyumba ilikuwa kimya. Mimi nilijua amenuna. Yeye akashikilia kwamba hajanyamaza hata siku moja.

"Ni masikio yako yamekufa," aliniambia. "Umesaga unga miaka ishirini na sita hapa Kikima na hujawahi ziba masikio. Ulifikiria yatabaki?"

Ni kweli kwamba katika sikio langu la kushoto aliishi nyenje asiyelala, na la kulia lilikuwa limeanza kumpokea mwenzake. Lakini kiziwi? Mimi? Nilikubali kwenda hospitali ya mji wa Wote kupimwa kwa sababu moja tu: nilitaka karatasi yenye muhuri ya kumwonyesha kwamba ni yeye aliyenuna. Na niseme ukweli, niliogopa pia. Masikio yakiwa mazima, basi mimi ndiye niliyemnyamazisha.

"Sikio la kufa halisikii dawa," aliniambia akinisindikiza mlangoni. Hilo nililisikia vizuri sana.

Mpimaji alikuwa msichana wa rika la kitinda mimba wangu. Aliniketisha ndani ya kibanda chenye kioo, akanivisha hedifoni, akasema nikisikia mlio niinue mkono. Sasa, mtu wa kisiagi humfundishi mambo ya mikono. Mashine ikinguruma hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo wateja wangu huongea kwa viganja na vidole: akisugua viganja, anataka mahindi ya muthokoi yakobolewe, akibana vidole, anataka unga laini wa uji. Mimi huitikia kabla hajamaliza. Kupitia kile kioo nikaona bega la msichana likishuka kidogo kila alipobonyeza kitufe. Bega likishuka, mkono juu. Sikukusudia kuiba mtihani, mkono ulikwenda wenyewe. Nilikuwa nafaulu ajabu mpaka alipojikuna shingo.

Akafungua mlango. "Mzee, hapo sijabonyeza kitu."

"Nimesikia," nikasema bila haya.

Akacheka, akageuza kiti changu nikaangalia ukuta. Tukabaki mimi na nyenje. Naye, mjinga yule, aliimba sauti ileile ya mashine, au mashine iliimba sauti yake, ningejuaje? Nikainua mkono, nikaushusha, nikauinua tena, hata kwenye mkutano wa injili sijawahi kuokoka mara nyingi hivyo. Mlango ukafunguka nyuma yangu.

"Mzee, mimi nilikuwa nimeenda kutafuta karatasi ya printa. Unainulia nani mkono?"

Alinieleza kwamba wenye kelele masikioni hupatwa na hayo. Angenipa milio inayokatika-katika, ti, ti, ti, kwa kuwa nyenje wangu hajui kukatika. Ile minene niliisikia. Kisha ukaja muda mrefu wa nyenje peke yake, nami nikingoja ti-ti ambayo haikuja.

Karatasini mstari ulikwenda sawa, halafu ukaporomoka kama barabara ya kuteremka kutoka Mbooni. Nikauliza, pale uliposhuka, kumepotea nini?

"Vifaranga," akasema. "Ndege wadogo. Maneno mengine watu wakiongea."

"Na mluzi?"

Akaficha mdomo kwa faili. Nikangoja.

"Anza basi," nikamwambia.

"Nimepiga mara tatu, baba."

Nilifika nyumbani jua halijatua. Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba, amenipa mgongo, anapepeta muthokoi kwa ungo. Nikazunguka polepole hadi nikauona uso wake. Midomo ilikuwa imechongoka, mashavu yanaingia na kutoka. Kuku walikuwa wamemzunguka, wote wanasikia. Miezi minane nilikuwa nimemnunia mtu anayeniimbia. Niliona aibu mpaka nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni.

Akaniona. "Wamesema nini?"

"Wamesema ni masikio. Na siku ile ya wageni nilikukosea."

Akaweka ungo chini. Akashika kidole changu, akakisogeza mbele ya midomo yake. Pumzi ikatoka, ikakatika, ikatoka tena. Kila ilipokigusa kidole, niliinua ule mkono mwingine.