Modi ya Pili

Mwaka wa pili chuoni nilipanga chumba mtaa wa Mabatini pamoja na binti aliyetoka Nansio. Mimi nilikulia Bukoba, baba yangu akiwa mwalimu wa hesabu, na nyumbani niliitwa kichwa. Mwenzangu alinishinda karibu kila jaribio huku akicheka na kila mtu, bila kuonekana anahangaika. Hilo ndilo lililoniuma.

Siku tulipofundishwa mgawanyo wa binomia hasi, mwalimu alitoa swali. Mvuvi anarusha ndoana, na kila akirusha ana nafasi moja kati ya nne ya kupata samaki. Akishapata watatu, anaacha. Je, ni mara ngapi atakosa? Alitaka modi, yaani idadi yenye uwezekano mkubwa kuliko zote.

Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Tisa!"

"Tisa ni wastani," mwalimu akasema. "Sikuuliza wastani."

Mwenzangu akasimama. "Sita, mwalimu. Nimelinganisha uwezekano wa kila namba na wa ile iliyoitangulia. Mpaka sita haujashuka. Kwenye saba unashuka."

Darasa likampigia makofi. Nami nikapiga, roho ikiniwaka.

Jioni, yeye akikaanga dagaa uani, niliirudia hesabu yake mstari kwa mstari nikitafuta kosa. Nikalipata. Kutoka tano kwenda sita uwezekano haupandi wala haushuki, unalingana. Modi zilikuwa mbili! Aliponiita tule, nikamwambia nimeshiba.

Kesho yake nikasimama darasani. "Jibu la jana lina kasoro," nikasema, nikimtazama yeye badala ya mwalimu. "Tano nayo ni modi."

Mwalimu akakokotoa ubaoni, akakubali. Mwenzangu akanigeukia, uso umemchangamka.

"Hee! Umeionaje? Mimi nilikimbilia sita tu. Njoo unielekeze."

Nilimwelekeza, lakini aibu haikuniacha nimalize wiki. Nikamwambia ukweli: "Sikuwa natafuta jibu. Nilitaka uumbuke."

"Ungeniambia tu chumbani," akasema, "tungeenda pamoja kwa mwalimu."

Muhula ulipoisha alihamia Nyakato kwa shangazi yake. Alisema kule kuna utulivu wa kusoma. Sikubisha. Tukikutana chuoni tulisalimiana vizuri, kama majirani.

Matokeo ya mwisho yalipobandikwa nilijipenyeza mpaka mbele. Kabla sijalitafuta jina langu, nilitafuta la kwake.