Kofi la karani

Asubuhi, mbele ya ofisi ya vitambulisho ya mtaa wa Ruashi, bendera ilikuwa ikipanda na sote tulisimama bila kutikisika, kama ilivyo amri. Mtoto akaanza kuteleza mgongoni mwa mama mmoja; mama akainama kumfunga upya.

"Nani ametikisika?" askari akafoka.

"Ni miye, chef," akajibu karani wa dirishani, yule mkali tunayemwogopa sote.

Kofi alilopigwa na askari lilinifanya nifumbe macho. Damu ikamtoka puani.

Baadaye mama akafika dirishani kwake. "Aksanti sana, citoyen," akasema, yaani raia, kama tunavyoitana.

"Aksanti ya nini? Foto ya kitambulisho iko wapi?"

"Niko na moja tu."

"Banaomba mbili. Rudia kesho!"

Nilidhani mtu hujifunza ushujaa kwa kuanza na upole mdogo wa kila siku. Karani huyu, hata upole wenyewe hajauanza.