Taa Niliyoagiza Ifutwe

Nilifika kwa wauzaji wa magari saa mbili kasorobo asubuhi, lango likiwa bado limefungwa, nikawa wa nne kwenye foleni. Manyunyu ya Julai yalikuwa yakianguka juu ya jiji tangu alfajiri, yale yasiyotosha kuitwa mvua.

Gari halikuwa langu. Lilikuwa la baba yangu, haibridi ya petroli na betri, ya rangi ya fedha, iliyotoka Japani ikiwa mkono wa pili, aliyoinunua mwaka aliostaafu ualimu. Mimi nilikuwa naliuza tu. Mnunuzi alikuwa mwanamke anayeishi ghorofa moja juu yangu kule Kileleshwa. Tulilizungusha mtaani mara moja, akalipenda. Kisha, tukiwa bado kwenye maegesho, akaingiza nambari ya chasisi kwenye simu yake na kunigeuzia kioo.

"Jirani, hii gari yako inatafutwa," alisema, akacheka. "Kama mtu ametoroka korti! Ipeleke kwanza, ndio tuongee."

Kampuni iliyoliunda ilikuwa imeyaita magari ya aina hiyo yarudi kutengenezwa bila malipo. Niliisoma taarifa nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Kifaa kinachopeleka umeme wa betri kubwa kwenye mota huweza kupata joto kupita kiasi, hasa gari likipanda mlima. Taa ya onyo huwaka, na gari huweza kukata nguvu lenyewe barabarani.

Kukata nguvu lenyewe. Baba alikuwa ametumia maneno hayo hayo, na nyumbani hakuna aliyemwamini.

Ilikuwa miezi minane nyuma. Alikuwa akimpeleka mama yangu kliniki ya presha mjini. Kwenye mwinuko wa Waiyaki Way gari likasimama katikati ya njia, na lori lililokuwa nyuma likalivamia. Mama alivunjika mkono. Baba hakuumia popote, na nadhani hilo ndilo lililomponza. Askari wa barabarani alimtazama mvi, akaniambia pembeni nilipofika, "Mzee alisinzia. Tunaziona hizi kila siku." Nami, ninayelipwa na gazeti kuuliza maswali, sikumuuliza askari amejuaje.

Jumapili iliyofuata tulikaa kikao sebuleni kwa wazazi, Waithaka: baba, mama na mkono wake kwenye plasta, dada yangu na mimi.

"Baba, hakuna mtu anakulaumu," dada alianza. "Lakini na sisi tuna macho."

"Macho yenu yalikuwa wapi? Mlikuwa ndani ya gari?"

"Umefika miaka ya kuendeshwa, Baba. Si aibu."

"Nimesema gari limekata nguvu lenyewe."

Dada akanitazama. Mimi nikasema kwamba gari haliwezi kuzima tu bila sababu. Mama alikuwa akitazama plasta yake. Baba alingoja kidogo aone kama yeye, aliyekuwa naye garini, atasema neno, kisha akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka mezani kando ya thamosi ya chai.

"Shikeni," alisema. "Mtoto akishakuita mwongo, hata ukiendesha unaenda wapi?"

Ni mzee wa kanisa. Kwa miaka mingi gari lile lilikuwa la kila mtu: mgonjwa wa kukimbizwa hospitalini, wageni wa matanga, bibi harusi asiye na usafiri. Watu walimpigia simu kabla jogoo hajawika, naye alilalamika kwa sauti akiwa tayari anavaa viatu. Baada ya kikao kile simu ziliendelea wiki mbili hivi, kisha zikakoma. Alianza kukaa dirishani na Biblia, akiishika kwa mshazari kuelekea mwanga. Mwezi wa nne daktari alimkuta na presha ya macho, akamwandikia matone. Sisi watoto tuliambiana kwamba basi tulifanya vizuri.

Kuhusu taa, mambo yalikuwa hivi. Baada ya ajali nililipeleka gari kwenye gereji ya kando ya barabara, Kawangware. Waliponyoosha bodi na kupaka rangi, dashibodi bado ilikuwa na taa moja inayowaka. Nilimwonyesha fundi.

"Hiyo ni taa tu, mkubwa," alisema. "Hizi haibridi ni waoga, upepo ukipita zinalia. Nikufutie?"

"Futa."

Alichomeka kifaa chini ya usukani, akabonyeza mara mbili. "Imeenda! Sasa hata ukitaka kuuza, uza." Kila mtu Nairobi hufanya hivyo kabla ya kuuza gari. Sikuitazama ile taa vizuri, na leo sikumbuki hata ilikuwa na umbo gani.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha kungojea cha hao wauzaji, chenye ukuta wa kioo, nikiwatazama mafundi waliovaa ovaroli safi kuliko shati langu. Niliyataka mambo mawili: gari litengenezwe, na mtu aniambie kama baba alisema kweli. Mnunuzi nilikuwa nimeshamsahau.

Baada ya nusu saa fundi aliniita. Alikuwa amebeba kompyuta bapa.

"Hii gari imewahi kuzima ikiwa kwa barabara?"

"Baba anasema ilizima."

"Ikaonyesha taa gani?"

"Sijui."

"Hakuwaambia?"

"Hatukumuuliza."

Alinigeuzia kioo. "Ni hivi, bosi. Gari huwa inaweka kumbukumbu. Hii ni tupu, kuna mtu aliifuta. Ona, inahesabu kilomita tangu ifutwe. Ishirini na sita."

Nilizihesabu kichwani. Kawangware hadi Waithaka, lilikokaa miezi yote chini ya turubai. Waithaka hadi Kileleshwa. Mzunguko mmoja na jirani. Kileleshwa hadi hapa. Zote zilikuwa safari zangu.

"Ingekuwepo tungejua ilifanya nini siku hiyo," alisema. "Na tungeibadilishia kifaa chote. Lakini bila kumbukumbu tunabadilisha programu peke yake. Ndio utaratibu."

"Na taa yenyewe huwa ni ipi?"

Alinionyesha picha. "Pembetatu nyekundu, hapa juu. Halafu hapo katikati kinakuja kigari kidogo kiko na alama ya mshangao. Gari inakuwa nzito, haivuti hata ukikanyaga."

"Dereva afanye nini hapo?"

"Aombe Mungu yule wa nyuma awe na breki."

Karatasi niliyopewa mwishoni ilikuwa na mstari mmoja kuhusu yaliyopita: hakuna rekodi ya hitilafu. Niliikunja mara nne, nikapita njia ya kwenda kwangu, nikaendelea hadi Waithaka.

Baba alikuwa kibarazani na redio. Nilimweleza yote kwa mpangilio: taarifa, fundi wa Kawangware, kumbukumbu tupu. Nilisema "taa" tu. Sikumwambia umbo lake wala rangi yake. Kisha nikampa ufunguo. Aliushika, akasimama na kwenda kwenye gari, mkono ukipapasa ukuta.

"Ingia," aliniambia.

Nilikaa kiti cha abiria. Alikitafuta kitufe kwa vidole, akakibonyeza. Gari la aina hii halingurumi. Dashibodi iliwaka kimya kimya.

"Ilianzia hapa," alisema, akiweka kidole palepale. "Nyekundu, pembetatu. Halafu hapa kikaja kigari na alama ya mshangao. Nikakanyaga. Likawa kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto."

"Mbona hukutuambia, Baba?"

"Mlikuwa mnanieleza jinsi nilivyolala."

Mama alikuwa ametoka, amesimama mlangoni akiushika mkono wake uliovunjika, kama afanyavyo siku za baridi. Baba aliweka mkono kwenye gia. Nilidhani tunaondoka, na nilikuwa tayari kwenda popote.

"Lile lango," aliuliza, "liko wazi au limefungwa?"

Lilikuwa hatua kumi mbele yetu, la mabati, limepakwa rangi ya bluu.

"Limefungwa, Baba."

Aliutoa mkono kwenye gia. "Mwezi ule wa kikao ningeliona."

Alinirudishia ufunguo, akafungua mlango wa upande wake.

"Muuzie huyo jirani yako," alisema. "Lakini umwambie ulifuta."

Alirudi kibarazani polepole, mguu wa kulia ukitangulia kuipima ngazi. Mama alinyoosha ule mkono wenye maumivu, naye akaushika. Mimi nilibaki nimekaa. Ilinibidi niitazame dashibodi kujua kama gari bado limewaka. Lilikuwa limewaka, na hapakuwa na taa yoyote ya onyo.