Picha ya Watachoka, Mbwa wa Babu

Enzi zetu mbwa hakupigwa picha, alipigwa mawe. Picha ilikuwa ya harusi au ya marehemu, basi. Sasa nyie wenzangu mliokuzwa kwa michembe ya viazi vitamu na karanga, nisikilizeni, hawa wa siku hizi waacheni na chipsi zao.

Babu yangu kule Igalula alikuwa na mbwa aliyeitwa Watachoka. Jina lile mlengwa wake hakuwa mbwa, alikuwa jirani. Ndivyo tulivyoishi: ukiwa na neno na mtu humwambii, unafuga mbwa, unampa neno lile liwe jina lake, kisha unamwita kwa sauti jirani akipita. Jirani yetu naye akafuga wake, akamwita Hatuchoki. Jioni bibi yangu na jirani wakianza kuita mbwa, kijiji kizima kinaacha kula kisikilize. Lakini nimeshapotea njia.

Watachoka akazeeka. Macho yakaingia ukungu, miguu ikawa ya kukopa. Babu akaapa hamziki kabla sura yake haijabaki nyumbani. Akampakia kwenye karia ya baiskeli hadi Tabora mjini, kwa mpiga picha mmoja wa Kiarabu, mtu wa adabu zake.

"Shikamoo mzee wangu. Wewe karibu kitini. Huyo mwenzako abaki nje."

"Mimi nina sura gani ya kutunza?" babu akajibu, akageuza baiskeli.

Nikabaki mimi. Shule niliishia la nne, hesabu zilinifukuza, ila kuchora najua. Nilikuwa na kisanduku cha rangi za maji alichoniachia sista wa misheni akirudi kwao, na karatasi moja nene. Nikajaribu kwanza kwa mkaa ukutani. Babu akaja kukagua, na kwake mjukuu wa kike ni mke.

"Mke wangu, huyu mbuzi."

Nikafuta, nikachora tena.

"Sasa umemchora katekista wa misheni."

Na kweli, mdomo ule ulikuwa wake kabisa, Mungu anisamehe. Mara ya tatu babu akakubali, nikahamia karatasini. Rangi za maji hazitaki ubishi. Ukizidisha maji, mbwa anavuja. Ukitaka weupe huupaki, unauacha uwe karatasi.

"Kipaji cha uso hujakimaliza," babu akasema.

"Pale ni weupe wake, babu. Nimeuacha."

"Umeuacha kwa uvivu."

Tatizo, rangi zenyewe zilikaushwa na jua letu, zimepasuka kama visigino vya kiangazi. Bibi yangu, ambaye kwake asali ilitibu kikohozi, donda na ndoa, akasema, "Mke mwenzangu, tia asali." Nikatia. Ehee! Rangi ikalainika, ikang'aa, jicho likapata unyevu kama linakuomba ukoko. Manyoya nikayaweka mojamoja kwa ncha ya unyoya wa kuku. Sikio lililochanika likakaa upande wake. Babu akavua kofia.

Ila asali haikauki upesi. Nikaiegemeza picha ukutani jua liimalizie, tukaenda kula ugali. Kurudi, namkuta Watachoka. Macho hana, lakini pua anayo, na pua imemleta. Amejilamba uso! Pua ya kwenye picha imekwenda, nusu ya mdomo imekwenda, michirizi ya ulimi imefika sikioni. Nililia nikagaagaa. Rangi nyeusi yote iliishia pale, na karatasi nyingine hakuna.

Babu akachuchumaa akaitazama kitambo. Nikangoja fimbo.

"Nyamaza, mke wangu. Umemchora wewe, kamalizia mwenyewe. Mpiga picha gani mjini angemweza?"

Bibi akadakia, "Tena kajionja, kajiona mtamu."

Masika hayakumkuta Watachoka. Picha ninayo mimi, ukutani sebuleni.

Mjukuu wangu ana mbwa, na simu imejaa picha za mbwa huyo. Ukimwomba akuonyeshe moja, anatafuta mpaka chai inapoa. Wenzake hujipiga picha wenyewe, simu inawabandika masikio na pua ya mbwa. Sisi tulihangaika kumtia mbwa pua, wao pua wanagawiwa bure, tena wanacheka! Juzi akaniambia, "Bibi, niipige hii, nimrudishie pua kwa simu. Dakika tu."

Nikamwambia, thubutu. Maana hadi leo masika yakianza, sisimizi hupanda ule ukuta kwa mstari, kimya kama wafiwa, mpaka pale pua ilipokuwa. Simu yako, mjukuu wangu, nani atakuja kuilamba?