Klara Hakusema Atarudi

Juzi nilikuwa dukani hapa Same mjini, nasubiri kupimiwa unga, na mbele yangu alisimama kijana wa Kizungu mwenye shingo nyekundu kama nyanya. Akatoa chupa mfukoni, akajipaka mafuta ya kujikinga na jua. Harufu ile ikanifikia: tamu kidogo, yenye nazi, halafu kwa nyuma ina dawa. Muuzaji aliniita mara mbili sikusikia. Nilikuwa nimerudi milimani, nina miaka tisa, nimevaa sweta la kijani lililotoboka viwiko, nimepangwa mstarini na wenzangu tukisubiri kuimba.

Mimi nimelelewa kituoni, juu huko karibu na Bombo. Mama alifariki nikiwa mdogo, baba alishateremkia ziwa Jipe kuvua samaki na habari zake zikakatika, na bibi aliyebaki nami hakuwa na nguvu tena. Akanipeleka kwenye kituo cha watoto cha kanisa. Nisieleweke vibaya: tulikula, tulisoma, tulilala pakavu. Ila kulikuwa na kitu kimoja tulichopewa kupita kiasi, nacho ni wageni.

Walikuja kujitolea kutoka nchi za mbali. Huyu wiki tatu, yule miezi miwili. Walijifunza majina yetu, wakatufundisha michezo, wakatubeba mgongoni hadi tukazoea jasho lao na harufu ya mafuta yao ya jua, kisha wakaondoka. Kila aliyeondoka alifanyiwa sherehe. Alivishwa kitenge, tukajipanga mbele ya bweni, tukamwimbia. Mwanzishaji nilikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa na sauti. Wimbo ulikuwa ule ule, tukibadilisha jina tu. Kuna siku nilisahau kubadilisha, nikamuaga dada mmoja kwa jina la kaka aliyeondoka mwezi uliopita. Wenzangu wakaitikia kwa nguvu. Dada wa watu akalia vilevile.

Na wote, bila kumwacha hata mmoja, walituambia, "Nitarudi."

Wa kwanza nilimsubiri. Kila gari lililokohoa kwenye mpando wa kuja kituoni nilikimbilia ukingo wa shamba la tangawizi kuchungulia. Wa pili nilimsubiri pia. Kufikia wa tano au wa sita nilikuwa nimechoka, na uchovu wa mtoto watu hawauoni, kwa sababu anaendelea kuruka kamba.

Klara alikuja wakati wa masika, ukungu umeshuka hadi mlangoni, viatu vyake vimejaa tope. Nikaamua mapema kwamba huyu sitamzoea. Aliponipa mkono nilitazama pembeni. Hakunibembeleza. Alikwenda zake jikoni kwa Mama Elinami, mpishi wetu, mwanamke mnene wa maneno machache aliyekuwepo kituoni kabla yetu sote. Mama Elinami akamtazama mgeni juu hadi chini, akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini wewe nitakupa mchi leo leo." Akamkabidhi mahindi ya makande ayatwange.

Alitwanga vibaya mno. Nusu ya mahindi yaliruka nje ya kinu. Mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kizingiti nikijifanya simwoni nilishindwa kuvumilia, nikanyanyuka kumwonyesha. Hivyo ndivyo alivyonipata. Kila alasiri nikawa mwalimu wake, wa mchi na wa Kiswahili. Siku aliyoandaa uji mwenyewe alimfuata Mama Elinami akiwa na furaha tele, akamwambia, "Mama, leo nimekupika!" Mama Elinami alicheka hadi akashika ukuta. "Umenipika? Nimeiva?" Na mimi, niliyekuwa msomaji wa mwisho darasani, nikaanza kusoma kwa sababu Klara aliniomba nimsomee pole pole, ili asikie maneno yanavyotamkwa.

Alikaa miezi sita. Hakuna aliyekaa hivyo kabla yake, nami nikajiongopea kwamba pengine huyu si mgeni.

Asubuhi ya kuondoka kwake gari la kituo lilikuwa linaunguruma, mizigo imefungwa. Tulijipanga. Mlezi akanipa ishara nianze. Nikafunga mdomo. Akanipa ishara tena, akanikazia macho. Wenzangu wakaanza kusukumana viwiko. Ule ukimya naukumbuka mpaka leo, ukungu unadondoka kutoka kwenye mabati, na hakuna anayeimba.

Klara akatoka kwenye gari, akaja akachuchumaa mbele yangu. Kitenge alichovishwa kilimpwaya.

"Nakijwa, umenikasirikia?"

"Utarudi lini?" nikamuuliza.

Nilijua jibu. Nilitaka alitoe nimchukie vizuri, kama wengine.

"Sitarudi," akasema. "Nafikiri sitarudi, Nakijwa. Nitakukumbuka, lakini sitarudi."

Nilimsukuma kifuani akakaa chini kwenye tope, nikakimbia hadi nyuma ya jiko. Nililia mpaka nikatapika. Gari liliteremka bila wimbo. Mama Elinami alitoka, akaketi kando yangu kwenye kuni. Nilipomaliza alinifuta uso kwa kanga yake, akanirudisha ndani nichague maharage.

Mwaka uliofuata Mama Elinami naye aliondoka. Mgongo ulikuwa umemshinda, akateremka hadi Maore, huko tambarare, kuishi kwa binti yake. Ilikuwa Jumatatu, tuko shuleni. Hakuna aliyempanga mtu mstarini. Tulijua hayupo wakati wa kula, makande yalipokuja na maharage magumu.

Mwaka jana nilikwenda Maore kumtafuta. Nilikuwa mwalimu tayari, nimehamishwa shule tatu, nimeaga na kuagwa hadi maneno yameniishia. Nilimkuta kwenye kiti barazani, macho yamefifia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sauti hiyo naijua. Si yule wa kuanzisha nyimbo?"

Tulizungumza hadi jua likasogea miguuni petu. Nilipomtaja Klara alitabasamu.

"Alikuja jikoni siku moja kabla ya safari," akasema. "Akaniuliza, 'Mama, Nakijwa akiniuliza kama nitarudi, nimjibu nini?' Nikamuuliza, kwani unarudi? Akasema kwao mama yake mgonjwa, hajui kama ataweza. Nikamwambia, basi usimbebeshe mtoto ahadi. Hawa wamebeba za kutosha. Mwambie ukweli."

"Kumbe ni wewe?"

"Mimi nilisema tu. Kuutamka mbele yako ndiyo kazi, nayo aliifanya yeye. Alilia hapo jikoni, mtoto wa watu. Alikuwa na miaka kumi na tisa."

Kumi na tisa. Mimi nilikuwa nikimwona mtu mzima, mkubwa kama milima. Nikiwa na umri huo sikuweza hata kumwambia rafiki yangu wa chuo kwamba nimemchoka.

Nilimshika Mama Elinami mikono, nikamshukuru kwa miaka yote ile ya makande, nikachelewa kwa miaka ishirini lakini nikamshukuru. Akasema, "Haya, mwanangu, yameisha."

Katika gari la kurudi Same nilifikiri juu ya watu wote walioniaga kwa upole, na yule mmoja aliyeniumiza. Klara sikumsubiri hata siku moja. Nilimlilia, nikamchukia, nikamaliza, na sasa nikimkumbuka namkumbuka kwa amani, kama mtu aliyezikwa na ndugu zake. Wale wengine hawajaondoka hadi leo. Siku nikichoka sana, gari likipanda mlima, bado nainua shingo.