Tangazo la Ndoa Lililotoka kwenye Kompyuta Yangu

Kimbelembele changu! Nani alinituma nijitolee kuingiza daftari la ndoa zinazokuja la kanisa letu la Ziwani kwenye kompyuta? Nilijichorea safu kwa kichwa tu: bwana harusi, bibi harusi, msimamizi. Karani wa kanisa, Mama Syombua, akanisihi, "Baba Njeri, fungua daftari kwanza uangalie."

"Mama, hii ni kompyuta, si taipureta."

Kumbe daftarini msimamizi huandikwa kabla ya bibi harusi, nami nilinakili majina kwa mfuatano tu! Jumapili, mchungaji mgeni akasoma tangazo nililochapa: Mutua anakusudia kumwoa Wambui. Wambui ni mke wangu. Alikuwa msimamizi tu.

"Kuna mwenye pingamizi?"

Kanisa zima likanigeukia. Wambui akanifinya paja. "Si usimame! Ama ushanipeana?"